Balozi Nyuma ya Tangi la Maji

Watu wa Kiamunyi walimwita Balozi, na hakuwahi kuwa balozi. Alikuwa mtu wa pili, wakati mwingine wa tatu, katika ofisi za serikali yetu huko ng'ambo, mji huu na ule, mpaka alipostaafu akajenga nyumba ya chini iliyopakana na yangu. Mwanzoni alijaribu kuwasahihisha. "Mama, mimi sikuwa balozi, nilikuwa msaidizi tu." Na mama wa mboga anamjibu, "Sawa, Balozi. Sukuma wiki nikukatie ama unabeba hivyo?" Akachoka. Mimi ningepewa cheo cha bure namna hiyo ningekichora kwenye geti siku hiyo hiyo.

Afadhali mjue pia ni nani anayewasimulia. Mimi niliachia shule darasa la sita. Nilianza kwa kubeba magunia ya viazi kule Keringet, kwa mgongo huu huu, na leo nina malori matatu, duka la mabati na simiti mjini Nakuru, na nyumba ya ghorofa ambayo ukiingia Kiamunyi utaiona kabla hujaliona kanisa. Hakuna aliyenishika mkono. Watoto wangu wamesoma mpaka wakavuka bahari, na huko ndiko walikobaki. Mama yao alipofariki walikuja, wakalia, wakarudi. Nyumba ina vyumba vingi kuliko watu. Nasema tu hali ilivyo.

Kilichotukutanisha ni lori. Asubuhi moja alisimama upande wake wa ua, amevaa tai na koti, mkononi ana bakuli la chakula cha kuku.

"Jirani," akasema, "hili gari lako linaamka kabla ya Mungu."

"Mzee, hiyo unayosikia ni sauti ya kazi," nikamwambia. "Hiyo injini nimeifungua na kuifunga kwa mikono yangu. Hakuna lori kama hili kutoka hapa mpaka Molo. Likiwa limejaa magunia, mlima wa Mau linaupanda kama mbuzi."

Nilingoja akasirike. Badala yake alicheka mpaka akashikilia ua. Akaniambia naongea kama watu wa tenzi za kale. Kwamba zamani sana, kabla ya bunduki, mashujaa wawili wakikutana uwanjani hawakuanza kupigana hivi hivi. Kwanza kila mmoja alisimama akajitaja: baba yake ni nani, farasi wake wametoka wapi, ngao yake imetengenezwa na fundi gani. Na mara nyingine katikati ya hayo majigambo waligundua babu zao waliwahi kula pamoja, wakapeana mikono na kila mtu akaenda zake.

Nikapenda hiyo habari. "Na siku hizi?" nikamuuliza.

"Siku hizi wanapitisha makombora barabarani siku ya sherehe, kamera zikiwaangalia. Ni majigambo yale yale. Ila hakuna anayesimama kuuliza babu ya mwenzake alikula wapi."

Tulikata pengo kwenye ua, na pengo hilo likawa njia. Kwa miaka mingi, jioni nikiwa nyumbani, alipitia hapo akaja kuketi kwenye veranda yangu kusikiliza taarifa ya habari. Alikuja na redio yake mwenyewe, ndogo, ya betri, ingawa mimi nina televisheni ambayo ilibidi wautoe mlango ili iingie. Alisema televisheni inamwonyesha mtu moshi, na moshi wa kila mji unafanana.

Hakuja kuomba kitu. Hilo ndilo nililomheshimia. Mtu wa uwezo kama mimi, kila anayefungua geti lako amebeba shida: karo, bili ya hospitali, harambee. Yule alikuja akaketi, akasikiliza vita vya dunia, akavifafanua, akaaga. Akishaondoka nilikuwa nabaki hapo kidogo kabla ya kuingia ndani, maana ndani hakukuwa na haraka.

Kwake, ukuta mzima ulikuwa wa tenzi. Tenzi ndefu za vita za watu wa kale, watu wenye miungu mingi na magari ya kukokotwa na farasi, za kila upande wa dunia, zingine katika lugha ambazo alizisoma kwa kusukumana nazo. Alikuwa akinitafsiria huku anasoma, kidole kikitembea kwenye ukurasa. Nilipomuuliza mtu aliyefanya kazi ya serikali anatafuta nini kwenye nyimbo za watu waliokufa zamani, alinipa jibu ambalo nimelirudia mbele ya watu wengi nikijifanya ni langu. "Mikataba inaeleza walichokubaliana," alisema. "Tenzi zinaeleza kwa nini watakivunja."

Alikuwa na kinyongo na wizara ya mambo ya nje kwa jambo hilo. Vijana wanaopelekwa nje, alisema, wanafundishwa kushika uma na kuandika ripoti. Wangefungiwa ndani na utenzi mmoja mpaka waumalize, wangejua kazi. Kwa sababu wakubwa wa dunia hawajabadilika. Wana wivu, wana njaa ya kusifiwa, wanaogopa kuonekana waoga mbele ya wake zao. Kilichobadilika ni kwamba zamani mshairi aliruhusiwa kulisema hilo waziwazi, na siku hizi msemaji wa serikali analipwa alifiche.

Mimi si mtu wa kuamini kila kitu. Lakini wakati fulani nchi jirani ilifunga mpaka, na lori langu la vitunguu likakwama upande huu na mengine mengi. Redio ikasema ni mambo ya ukaguzi, dawa za shambani zimezidi. Nilikuwa nimewaka.

"Dawa gani?" nikamwambia Balozi. "Hivyo vitunguu mimi mwenyewe nakula!"

"Achana na dawa," akasema. "Tafuta ni nani alikalishwa vibaya."

"Wapi?"

"Popote. Kwenye mkutano, kwenye mazishi, kwenye arusi ya mtoto wa mkubwa. Vita karibu vyote nilivyosoma vinaanzia kwenye karamu. Kuna mtu hakualikwa, au alialikwa akapewa kiti cha karibu na mlango. Baadaye ndipo wanatafuta sababu yenye heshima."

Nikamwona mzee wa vitabu. Baada ya muda wakubwa wawili wakaonyeshwa wakila pamoja, wanacheka, mmoja amemshika mwenzake bega. Mpaka ukafunguliwa, na neno dawa halikutajwa tena. Vitunguu vyangu vilikuwa vimeota majani.

Kitu kilichomuumiza kwenye taarifa ya habari kilikuwa neno moja: kadhaa. Watu kadhaa wameuawa. Vijiji kadhaa vimechomwa. Akilisikia alikuwa anapunguza sauti ya redio. Alisema washairi wa kale hawakuwa na kadhaa. Hata mtu wa kufa tu, mtu anayetajwa mara moja mkuki ukimpata, walimpa jina, wakasema alitoka bonde gani, alikuwa hodari wa kufuga nini, na nani alikuwa anamngoja nyumbani. Na aliyekufa upande wa adui walimfanyia vile vile. "Nchi ikiweza kuwahesabu adui zake hivyo," alisema, "inaweza kukaa nao mezani. Isipoweza, hata wakikaa, ni viti tu vimekaa." Alikuwa anasema haya taratibu, akiangalia taa za mjini kule chini, na sisi wa Nakuru hatuhitaji kufafanuliwa. Wakati ule wa fujo za uchaguzi, majirani walipogeukiana, nasi tulikuwa kadhaa kwenye redio ya mtu mwingine.

Sasa msidhani alikuwa mtu mwepesi. Alihubiri mazungumzo, na yeye mwenyewe hakuwa anasalimia mtu. Alipita njiani na tai yake, kichwa juu, watu wakasema anaringa.

"Balozi, mbona husalimii watu?" nilimuuliza.

"Nangoja wenyeji wanisalimie. Mimi ndiye niliyekuja."

"Umekaa hapa tangu barabara ikiwa matope!"

"Na bado sijakaribishwa rasmi," akasema, na sikujua kama ni mzaha.

Jumuiya ya kanisa ilipofika kwake mara ya kwanza kwa maombi, aliwapanga viti kwa vyeo. Mwenyekiti mkono wa kulia, katibu kushoto, akina mama wa kwaya mwisho kabisa. Kisha akatoa hotuba ya kuwakaribisha mpaka chai ikapoa. Wale akina mama walicheka njia nzima, na hawakurudi. Yeye alibaki akingoja, maana kwa hesabu yake walikuwa na deni la kumwalika. Vikombe vya wageni alikuwa anavipangusa na kuvigeuza chini juu ya meza, kitambaa juu yake. Nimepita hapo nikavikuta vile vile mara nyingi, na nimekunywa chai kwake kwenye kikombe cha bati, kwa sababu vile vilikuwa vya wageni.

Kuna sehemu moja hakuwahi kunisomea. Kwenye tenzi nyingi, alisema, kuna mtu hodari anayeudhika katikati ya vita, anaondoka, anaingia kwenye hema lake na kungoja wenzake waje kumbembeleza. Akifika hapo alikuwa anafunga kitabu. "Hapa panajulikana," anasema, na kuuliza kuku wangu wanataga vipi. Mimi sina kuku.

Hilo hema lake nalijua, kwa sababu nilikuwepo alipoingia.

Alikuwa na binti mmoja, Esta, mtoto aliyekulia shule za bweni wakati baba yuko nje, na mama yake amelala pale makaburini. Esta akapata mchumba, Daudi, kijana mkulima, watu wake wa Keringet, watu wa upande ule ambao wakati wa fujo tulikuwa tumerushiana mawe. Balozi hakuwa na neno na hilo. Alifurahi hata. Alisema hivi ndivyo wafalme wa kale walivyomaliza vita, kwa arusi. Siku ya mazungumzo ya mahari ikapangwa, na msemaji wa upande wetu nikachaguliwa mimi. Ilikuwa haki. Kwa kupatana, hapa Nakuru hakuna wa kunisogelea. Nimetoa bei kwa watu waliokula kiapo hawatashuka, na wakashuka.

Wazee wao walikuja wamevaa kofia, wakaketi, tukataniana. Msemaji wao alikuwa mtu mpole mwenye fimbo. Mambo yalienda kama maji. Kila nilichosema akakubali baada ya kukuna kichwa kidogo kwa heshima, na kila alichosema nami nikakubali. Jikoni, Esta na shangazi zake walikuwa wameshaanza kuimba. Lilibaki jambo dogo, arusi ifanyikie kwao Keringet au kwetu Nakuru, na hata hilo tulikuwa tunalikaribia.

Hapo Balozi akasimama. Kwa desturi zetu baba wa msichana hasemi kitu siku hiyo, ana msemaji. Akasimama, akafunga kifungo cha koti, akasema, "Kwa hali hii, upande wetu hauwezi kuendelea," akatoka.

Mimi nikacheka, nikidhani ameenda choo. Baadaye nikamfuata. Nilimkuta nyuma ya nyumba, kando ya tangi la maji, anaangalia saa yake, ametulia kabisa.

"Balozi, kuna nini? Wamekukosea?"

"Hakuna kitu. Mambo yalikuwa yanakwenda haraka mno. Mkataba usiovunjika hata mara moja hauna uzito. Sasa watatuma mtu hapa nje, mtu mdogo tu, na hapa ndipo mazungumzo ya kweli hufanyika."

"Watatuma nani? Hawa ni wazee wa Keringet!"

"Watatuma. Kila mahali hutuma."

Nilirudi ndani mbio. Yule mzee mpole alikuwa ameshasimama, fimbo mkononi. Chakula kilikuwa kimeshapakuliwa, na hakuna aliyekigusa. "Tumeelewa," aliniambia. "Tulidhani yale mambo yameisha. Mwambie baba wa msichana hatuna kinyongo." Nikamshika mkono, nikaeleza, nikabembeleza kwa maneno yote niliyo nayo, na ninayo mengi. Lakini ungemweleza vipi mzee ambaye watu wake walichomewa nyumba, kwamba kutoka mlangoni ni mbinu tu ya kazini?

Nikarudi kwenye tangi. "Wanaingia kwenye magari! Nenda uwaite!"

"Nikiwaita mimi, nimeshapoteza," akasema. Lakini uso wake ulikuwa umeanza kubadilika.

Esta alitoka mlango wa jikoni na aproni yake. Alimwangalia baba yake pale kando ya tangi. Sijui alisubiri nini. Kama ni neno moja, lilikuwa halijafika. Akafungua aproni, akaitundika kwenye msumari wa mlango, akazunguka nyumba, akaingia gari la mwisho.

Arusi ilifanyika Keringet. Mimi nilienda, kwa sababu viazi vyangu vinatoka huko na kwa sababu hakuna arusi nisiyokaribishwa. Balozi hakwenda. Alisema hajapata mwaliko, na kweli hakupata, na kweli hakuna binti anayemwalika baba yake kwa kadi.

Miaka ikapita hivyo. Esta na Daudi walihamia Ndabibi, wakakodisha shamba, wakapanda kabichi na kufuga ng'ombe wa maziwa. Nikiwa na safari za huko Balozi alinipa salamu, na salamu zilirudi. "Mwambie Baba tuko salama." "Mwambie nashukuru, nami niko salama." Nilikuwa nabeba hayo maneno kama mayai. Niliwahi kumuuliza wana hali gani na mwanawe. "Tuna uhusiano," alisema. "Wa kiwango cha chini."

Mtu mwingine angekunywa, au angeoa. Yeye alizidi kusoma. Taa ya kwake ilikuwa inawaka chumba kile kimoja, na kuku walikuwa wanapewa chakula na mtu aliyevaa tai.

Mwezi uliopita alipitia pengo la ua asubuhi, si jioni. Alikuwa amenyoa vizuri, koti jeusi, viatu vimeng'aa.

"Lori lako linaenda Ndabibi lini?"

"Linaenda siku ninayotaka mimi."

"Unataka leo?"

Nilikuwa na saruji ya kupeleka Njoro. Nikasema nataka leo.

Nilimpandisha, akaketi amepakata mikono. Tulipofika barabara kuu akaniambia daktari amempata na kitu kwenye moyo, kisha akageuza mazungumzo kabla sijasema pole.

"Kuwa Esta," akasema.

"Nini?"

"Wewe ni Esta. Mimi nimefika mlangoni. Unasema nini?"

"Mimi, na hizi sharubu?"

"Wewe kuwa Esta tu."

"Haya. 'Karibu, Baba.'"

"Hapana. Hawezi kusema hivyo haraka."

"Basi nasema, 'Umekuja kufanya nini?'"

Akaangalia barabara mpaka tukapita Gilgil. "Hilo swali," akasema, "sikulitayarisha."

Ndabibi kulikuwa na vumbi. Daudi alitukuta getini na gambuti zake za shambani, amenenepa kidogo, amekuwa mwanamume. Alitushika mkono kwa mikono miwili. "Karibuni, wazee wetu. Karibuni sana." Esta akatoka anapangusa mikono. Nilikuwa nimejiandaa kwa kilio, au kwa mlango kufungwa. Hakukuwa na lolote kati ya hayo.

"Habari yako, Baba. Safari ilikuwaje?"

"Ilikuwa nzuri. Habari za hapa?"

"Ni njema. Karibuni ndani."

Akatuingiza sebuleni. Akaondoa vitambaa vya kila siku kwenye makochi, akatandika vile vyeupe vya kufumwa. Tukamwagiwa maji ya moto mikononi. Daudi akaomba. Kuku akachinjwa, chapati zikaja, chai ya maziwa matupu. Mtoto wao wa kike akaitwa. "Msalimie mgeni," Daudi akamwambia, na yule mtoto akaja akainamisha kichwa kama wanavyofundishwa. Nilimwangalia Esta, nikingoja aseme huyu si mgeni, huyu ni babu yako. Alikuwa anamimina chai. Balozi akaweka mkono juu ya kichwa cha mjukuu wake, akautoa.

Tulipomaliza kula akasimama. Nikajua sasa ndiyo hiyo saa. Akafunga kifungo cha koti.

"Ningependa," akasema, "kutoa shukrani zangu kwa makaribisho haya mazuri."

Na Esta, amesimama kando ya kabati, mikono ameishika mbele, akajibu, "Nasi tunashukuru kwa kututembelea, Baba. Tunajua safari ni ndefu."

Ikawa imeisha. Wakatusindikiza mpaka getini, wote wawili, wakatufungia kabichi na lita za maziwa. Esta alipunga mkono mpaka tukaanza kuondoka.

Mimi nilikuwa na furaha. "Umeona!" nikamwambia. "Si nilikuambia? Amekuchinjia kuku! Hakuna binti wa siku hizi anapokea mtu hivyo."

"Amenipokea vizuri," akasema. "Hakukosea kitu. Mwenyeji kuketi upande gani, nani aanze kusema, kumsindikiza mtu mpaka wapi. Kila kitu nilichokuwa nikiwafanyia wageni wa serikali." Aliangalia yale maziwa kwenye mapaja yake. "Sikuwahi kumfundisha. Nilikuwa sipo. Sijui alijifunza wapi."

Tulikuwa tumefika mwisho wa shamba lao la kabichi.

"Simamisha."

"Umesahau kitu?"

"Simamisha, bwana."

Akashuka. Nilimwambia nakuja naye, mimi ndiye msemaji wake. "Wewe ni msemaji mzuri sana," akasema. "Kaa hapo." Akaanza kurudi kwa miguu, kando ya kabichi, vumbi likipanda kwenye viatu vyake. Hakuna aliyekuwa amemwita. Nyumba ilikuwa imefunga mlango wa mbele, na hakuna mtu aliyekuwa anachungulia. Hata hivyo mlango wa mbele hakuuendea. Alizunguka nyuma, kule kwenye jiko, mahali wanapoingilia watu wa nyumba, na kule sikumwona tena.

Niligeuza lori polepole nikarudi mpaka getini. Nilikuwa sijazima injini Daudi akatoka nje, anatembea kama mtu aliyefukuzwa kwake.

"Mzee," akaniambia, "huko ndani si kuzuri. Tuingie tuwaamue?"

Nikazima injini. Ilikuwa sauti ya Esta, na ilikuwa inasikika mpaka barabarani. "Ulikuwa unaangalia saa! Nilikuona! Mimi nimesimama hapo na aproni, wewe unaangalia saa!" Kisha sauti ya Balozi, sauti ambayo sikuwa nimewahi kuisikia kwake kwa miaka yote, bila mpangilio, imepanda juu na kukwaruza: "Nilidhani mtakuja kuniita!" "Nikuite mimi? Mimi mtoto? Mama angekuwepo ungethubutu?" Kitu kikaanguka, sufuria labda. Balozi akasema jambo sikulipata. Akajibiwa palepale, bila kusubiriwa amalize. Walikuwa wanaongea wote kwa pamoja.

"Waache," nikamwambia Daudi.

Tulisimama kando ya lori kama wanaume wawili wanaongoja mvua ipite. Ng'ombe wake walikuwa wanataka kukamuliwa. Baada ya muda mrefu sauti zikashuka, zikapanda tena, zikashuka. Daudi akaenda mpaka kwenye dirisha, akarudi.

"Baba amesema usimngoje," akaniambia. "Amesema bado."

Nikamwambia sawa, usiku mwema, msalimie mtoto. Nikawasha lori nikaendesha mpaka Kiamunyi, nyumbani kwangu, ambako vyumba vyote vilikuwa vimefagiliwa na hapakuwa na mtu hata mmoja aliyenikasirikia.